Majengo na Mapambo ya Msimu Katika Picha za Watu wa Masasi na Newala

Picha nyingi za majengo na mapambo ya sikukuu hupigwa na watu wasiolipwa kwa kazi hiyo: mwalimu mwenye simu mfukoni, fundi aliyemaliza kupaua nyumba, kijana aliyepanda jiwe ili aupate mji wote kwa mara moja. Zanzibar, ambako Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, studio za picha zilikuwepo tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930. Huko picha ya mpita njia huongeza tu kwenye hazina iliyokwishajaa. Masasi na Newala hakuna hazina ya namna hiyo. Miji hii miwili ya mkoa wa Mtwara hujengwa na kubomolewa kila mwaka, na mara nyingi kinachobaki ni kile kilichomo kwenye simu za wenyeji.

Mtu wa kwanza anayejulikana sana kwa picha za eneo hili alikuwa mgeni. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alifika Masasi mwaka 1906, akakaa Chingulungulu kwa chifu Matola, kisha akapanda Newala na Mahuta. Alibeba kamera ya sahani za kioo, mashine ya sinema na mashine ya kurekodia sauti, na filamu zake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kupigwa Afrika Mashariki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908 kikiwa na picha za nyumba, baraza na watu. Alilalamika sana juu ya upepo na ukungu wa Newala, na mpiga picha wa leo anayeamka alfajiri mwezi Juni atamwelewa. Hata hivyo Weule alipiga alichoona cha ajabu kwa macho ya Leipzig. Mwenyeji hupiga kile ambacho jirani yake atataka kukiona tena.

Jambo la kwanza kulijua ni jua. Miji yote miwili iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 22 Oktoba na tarehe 20 Februari. Kati ya tarehe hizo huwa upande wa kusini kidogo, na miezi mingine yote huwa upande wa kaskazini. Nyumba inayotazama kusini, basi, haipati jua la mchana usoni kuanzia mwisho wa Februari hadi mwisho wa Oktoba. Anayetaka uso wake uwe na mwanga ana njia mbili: kusubiri miezi ya mvua, ama kwenda asubuhi mapema au jioni katika miezi ya karibu na hapo, jua linapochomoza na kuzama likiwa limeegemea kusini. Saa sita mchana haifai mwezi wowote, kwa sababu uvungu wa paa hutupa kivuli kizito juu ya milango na madirisha, na baraza lote huwa giza.

Jambo la pili ni ardhi. Masasi haiko juu ya uwanda wa Makonde. Iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya miamba vinavyosimama peke yake kama Mkomaindo na Mtandi. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda huo, ambako ardhi hukatika ghafla na macho yakashuka hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Mahali hapo panaitwa Shimo la Mungu. Masasi jengo hupigwa likiwa na mwamba mgongoni, Newala jengo hupigwa likiwa na anga. Kamera ya simu hudanganywa na yote mawili. Mwamba mweusi huifanya ing'arishe picha nzima mpaka ukuta wa chokaa ukapoteza alama zake zote, na anga nyeupe huifanya iufifishe ukuta hadi ukawa kivuli. Dawa ni kugusa kioo cha simu penye ukuta wenyewe, kisha kuteremsha mwanga kidogo kwa kidole.

Majengo ya zamani ya Masasi yana historia ya misheni. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, yule aliyejenga Kanisa Kuu la Mkunazini kule Unguja, aliwaleta hapa mwaka 1876 watu waliookolewa utumwani, wakajenga kijiji chao chini ya vilima. Kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni walioitwa Wagwangwara mwaka 1882, na misheni ikachomwa wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartholomayo liko Mtandi, chini ya mwamba. Kaskazini mashariki, barabara ya kwenda Mtwara, Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, na majengo yake ya abasia na hospitali hupendwa na wenye kamera kwa sababu ya ukubwa wake.

Lakini nyumba za kawaida ndizo zinazopotea haraka, na ndizo zinazostahili picha nyingi zaidi. Chukua nyumba moja ya Newala. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, na maji ya mvua huzama mchangani, kwa hiyo paa la bati lina kazi mbili. Pembeni mwake hupita gata, mara nyingine la bati lililokunjwa kwa mkono na kufungwa kwa waya, likiteremkia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani ama kwenye simtanki nyeusi. Chini ya gata, lipu ya ukuta huwa na alama nyekundu za udongo unaorushwa na matone kila masika. Ukiipiga picha nyumba hiyo kutoka mbele tu, kwa kulinganisha mlango na madirisha, utapata sura yake, lakini hutapata sababu ya umbo lake. Picha ya pembeni, inayoonyesha paa, gata na kisima kwa pamoja, hueleza namna watu wa huko wanavyoishi. Hata ukuta wa fito na udongo, uliokandikwa kwa mkono, unahitaji mwanga wa ubavuni wa saa 1 asubuhi ili alama za vidole zionekane.

Kosa la kawaida katika picha za majengo ni kuta zinazoegemea nyuma. Hutokea mpiga picha anaposimama karibu na kuinua simu ili apate kilele. Afadhali arudi nyuma, aishike simu wima sambamba na ukuta, na akubali kuwa na ardhi nyingi mbele. Sehemu hiyo hukatwa baadaye. Masasi kuna njia bora zaidi, nayo ni kupanda kilima na kupiga kutoka juu.

Ruhusa ni sehemu ya kazi. Boma la Wajerumani pale Newala, lililoko ukingoni kusini magharibi mwa mji, limetumika kama kituo cha polisi, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayalinda maeneo ya aina maalumu dhidi ya wachoraji na wapiga picha. Kuingia na kumwomba mkubwa wa kituo huchukua dakika chache na huondoa matatizo yote. Kwenye nyumba ya mtu, hodi hutangulia. Mzee mwenye nyumba akisalimiwa shikamoo na kuelezwa nia, kwa kawaida ndiye anayetaja mwaka wa kujengwa na jina la fundi, na habari hizo huipa picha uzito kuliko rangi zake.

Mapambo ya msimu hufuata kalenda ya mahali. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa mara ya kwanza juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, hupita wilaya zote kila mwaka, na kabla haujafika mawe ya kando ya barabara na mashina ya miti hupakwa chokaa, na vitambaa vya kijani, njano, nyeusi na buluu hufungwa pale utakapokesha. Siku mbili baadaye hakuna kitu. Maulidi huleta bendera na karatasi za rangi misikitini, Idi huleta nguo mpya, na Jumapili ya Matawi na Krismasi hujaza milango ya makanisa makuti, maua na maputo. Novemba na Desemba mkrismasi huchanua mwekundu juu ya paa, pambo lisilomgharimu mtu yeyote. Miezi hiyo pia ni ya korosho, mavuno yakiwa kati ya Oktoba na Januari. Mkulima anapolipwa na chama cha msingi, fedha hiyo mara nyingi huwa bati jipya, mlango wa mninga au rangi ya ukuta. Mwenye kuupiga picha mtaa uleule kila Agosti na kila Januari ataona ujenzi wa mwaka mzima bila kuuliza mtu.

Msimu wa jando na unyago, unaofuata mavuno, unataka adabu ya peke yake. Yanayofanyika porini na ndani ya nyumba ya mafunzo hayapigwi picha, na hakuna hoja ya sanaa inayobadilisha hilo. Siku ya kutoka ni ya hadhara: wari huvikwa nguo mpya na kushangiliwa, ngoma hupigwa, na pengine wachezaji waitwao midimu hutokea na vinyago vyao. Hapo mpiga picha anakaribishwa, akishawaomba wazazi, kwa sababu waliomo ni watoto. Askofu Lucas mwenyewe aliingiza jando katika utaratibu wa kanisa Masasi, na ndiyo maana mapambo ya shughuli hii huonekana makanisani pia.

Taa za mapambo hazipigwi usiku wa manane. Giza likikolea, simu hutoa madoa meupe juu ya weusi, na jengo hupotea. Wakati mzuri ni dakika 10 hadi 20 baada ya jua kuzama, anga likiwa bado la buluu. Desemba hiyo ni karibu saa 1 jioni. Magharibi ya huku ni mafupi, hivyo mahali pa kusimama pachaguliwe mapema, na simu iegemezwe kwenye ukuta au jiwe isitikisike.

Kuhifadhi ndiko kunakowashinda wengi. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida; itumwe kama faili ili ibaki kamili. Nakala moja ikae nje ya simu, kwenye kadi au diski. Kila picha iandikwe mtaa, tarehe, upande ilikotazama kamera na jina la fundi kama linajulikana. Anayetaka zitumiwe na shule na watafiti anaweza kuziweka kwenye tovuti ya Wikimedia Commons kwa leseni huria, mradi amezipiga mwenyewe, na maelezo yake huko yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa majengo yanayolindwa moja kwa moja, na hakuna nyumba ya misheni wala boma la Masasi au Newala lenye umri huo. Jengo la baadaye hulindwa likitangazwa na Waziri, na anayeliombea tangazo hilo huhitaji kuonyesha lilivyokuwa. Picha zenye tarehe, zilizopigwa kutoka pande zote nne, ni ushahidi anaoweza kuupeleka.