Sekunde Kumi za Simi-Simi

Julai 8, 2000, Marekani ilirusha kombora juu ya Bahari ya Pasifiki ili litungue jingine. Likakosa. Jaribio hilo lilikuwa sehemu ya mjadala uliopamba moto tangu Agosti 1998, Korea Kaskazini iliporusha roketi juu ya Japani: je, nchi ijijengee ngao dhidi ya taifa moja lisiloaminika? Septemba mosi Rais Clinton aliahirisha uamuzi.

Mwezi mmoja kabla ya jaribio hilo, Juni 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, Kongo. Makombora zaidi ya 6,600 yaliangukia mji.

Ngao huhitaji muda. Kombora la Korea Kaskazini lingechukua kama nusu saa kufika Marekani, hivyo setilaiti zina nafasi ya kuona joto lake na rada kulifuatilia. Hata hapo kuna kikwazo kikubwa: huko juu hakuna hewa, kwa hiyo puto jepesi la kudanganya rada huenda sambamba na kichwa cha bomu, kwa kasi ileile. Wanaopinga ngao hushikilia hoja hiyo hadi leo. Wanaoitetea hujibu kuwa taifa lenye roketi chache haliwezi hila hizo.

Simi-Simi, huko Kisangani, penye uwanja wa ndege wa zamani na nyumba za watu jirani, nusu saa hiyo haipo. Mota ikifyatuliwa umbali wa kilomita tatu, mlio hukufikia baada ya sekunde tisa hivi. Kombora lenyewe hupanda kwanza ndipo lishuke, na huchukua sekunde ishirini na kitu. Zinabaki kama kumi. Zinatosha kulala kifudifudi, na kulala huko huokoa kweli, kwa sababu vyuma vingi huruka pembeni na juu. Wimbi la mlipuko, kwa upande wake, hupasua viungo vyenye hewa: masikio, mapafu, utumbo. Mtu asiye hata na mkwaruzo akianza kukohoa damu au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa katika mapigano hayo ya Kisangani na 1,700 waliojeruhiwa. Juni 16 Baraza la Usalama, kwa azimio 1304, liliyataka majeshi yote mawili yaondoke Kisangani. Naamini kinga ya mji kama huu ni hiyo: mizinga isikae kati ya nyumba. Hakuna mtambo wa kutungua makombora unaoweza kufidia kosa hilo.

Baadhi ya makombora huangukia udongo laini, kiwashio kisifanye kazi, nayo hubaki hai ardhini miaka mingi. Ukikuta chuma usichokifahamu shambani, usikiguse wala usiwashe moto karibu. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, umwarifu chifu wa mtaa, na watoto waambiwe leo hii.