Kutoka Doha hadi Mkutano wa Wanamazingaombwe

Mwanamazingaombwe anayeishi Doha, yaani mtu anayeburudisha watu kwa wepesi wa mikono na wala si kwa uchawi, akitaka kukutana na wenzake kwa wingi anaweza kupanda ndege hadi Manchester, kisha treni hadi Blackpool, mji wa pwani ya Uingereza ambako mkutano wao, ulioanza mwaka 1953, hufanyika kila Februari katika jumba la Winter Gardens. Maonyesho ya jukwaani yapo, lakini uhondo hasa uko katika ukumbi wa wauzaji, ambamo muuzaji huifumbata sarafu na kuipoteza mbele ya mnunuzi aliyeikodolea macho kwa karibu, wala hafichui siri mpaka alipwe. Na huo si ulaghai, kwa kuwa bidhaa inayouzwa ni siri yenyewe. Ipo pia mihadhara, yaani vikao ambamo bingwa huonyesha mchezo kisha akaufumbua hatua kwa hatua, huku wasikilizaji, ambao kwa watazamaji wao hawafichui kitu, wakiandika kila neno. Kwa safari hiyo, mkazi wa Doha mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aombe viza ya Uingereza mapema.