Kompyuta mpakato kubwa, au ndogo yenye monita mezani?

MTUMISHI wa ofisi iliyopo Bomani, mjini Tarime, anayetaka kununua kompyuta mpakato kwa fedha zake mwenyewe hukutana na swali ambalo wauzaji wengi hulijibu kwa haraka mno. Je, achukue yenye skrini kubwa ya inchi 15.6 au 17.3, au achukue ndogo ya inchi 13 au 14 na fedha zinazobaki anunue monita ya kuweka mezani?

Swali hilo laweza kuonekana dogo, lakini si dogo kwa mtu anayenunua mara moja akitarajia kukitumia kifaa hicho kwa miaka mitano au zaidi. Akikosea, ama atabeba kila siku mzigo asiouhitaji, ama atainamisha shingo kila siku mbele ya skrini isiyomtosha.

Bomani ni jina ambalo katika miji mingi nchini huashiria mahali palipo ofisi za Serikali, na mji kama Tarime unazo kazi za sura mbili. Ipo kazi ya mezani: ya karani, mhasibu, na mwenye duka la stesheni anayechapa barua, kutoa nakala na kuwajazia vijana maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao. Ipo pia kazi ya barabarani: ya afisa ugani, mpima ardhi, fundi au wakala wa forodha, ambaye leo yupo mpakani Sirari, kesho Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, na keshokutwa Mugumu wilayani Serengeti.

Kompyuta inayomfaa wa kwanza si lazima imfae wa pili. Hapo ndipo ulipo msingi wa uamuzi wote.

Swali la tangu 1981

Mvutano kati ya skrini ya kubebeka na skrini ya kutosha umekuwapo tangu kompyuta za kubebeka zilipoanza kuuzwa. Mwaka 1981, nchini Marekani, Adam Osborne alitoa kompyuta iliyoitwa Osborne 1, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kubebeka kufanikiwa sokoni. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11, na skrini yake ilikuwa ya inchi tano tu.

Watengenezaji wake walijua kwamba hakuna mhasibu angeweza kukodolea inchi tano kutwa nzima. Kwa sababu hiyo waliweka sehemu ya kuunganishia monita ya nje. Mtumiaji aliweza kusafiri na skrini ndogo, kisha akifika ofisini akatumia kubwa. Zaidi ya miaka 40 baadaye, uzito umeshuka hadi kilo moja na nusu hivi, lakini hoja ni ile ile.

Inchi zinavyodanganya

Inchi za skrini hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe iliyo mkabala nayo. Kipimo hicho humfanya mnunuzi adhani kwamba tofauti kati ya 15.6 na 24 ni ndogo kuliko ilivyo.

Kwa umbo la skrini lililo la kawaida sokoni, ile ya inchi 14 ina upana wa sentimita 31 na kimo cha sentimita 17 na nusu hivi. Ya inchi 15.6 ina upana wa sentimita 34 na nusu na kimo cha 19 na nusu. Anayeongeza fedha ili kupata ile kubwa ananunua takriban robo tu ya eneo la ziada.

Monita ya inchi 24, kwa upande wake, ina upana wa sentimita 53 na kimo cha karibu 30. Eneo lake ni karibu mara tatu ya skrini ya inchi 14, na zaidi ya mara mbili ya skrini ya inchi 15.6.

Karatasi ya A4, ambayo ndiyo karatasi ya kila siku katika maduka ya stesheni, ina upana wa sentimita 21 na kimo cha 29.7. Kurasa mbili za A4, kwa ukubwa wake halisi, hukaribia kutosha zikiwa zimesimama bega kwa bega ndani ya monita ya inchi 24. Katika kompyuta ya inchi 14, ukurasa mmoja kwa ukubwa huo huo hukatwa chini kidogo ya nusu. Anayenakili takwimu kutoka waraka mmoja kwenda mwingine anaelewa maana ya tofauti hiyo.

Aidha, ukubwa si jambo pekee la kutazama. Picha ya skrini hujengwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kompyuta ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa 768, aina ambayo bado ipo kwa wingi katika soko la mitumba, huonyesha nukta zipatazo milioni moja. Ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080 huonyesha zaidi ya milioni mbili. Maana yake ni kwamba ile ndogo inaweza kuonyesha safu nyingi zaidi za hesabu kuliko ile kubwa, ingawa kwa herufi ndogo. Mnunuzi aulize pikseli kabla ya kuuliza inchi.

Shingo haidanganywi na ukubwa

Kasoro kubwa ya kompyuta mpakato ni kwamba skrini na kibodi vimeunganishwa. Mikono ikikaa vizuri, macho hulazimika kutazama chini. Ukiinua skrini ifikie macho, mikono nayo hulazimika kupanda. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo tano, na shingo iliyoinama kwa saa nane hubeba mzigo huo vibaya.

Kasoro hiyo haiondolewi kwa kununua kompyuta mpakato kubwa zaidi. Ya inchi 17 humwinamisha mtu karibu sawa na ya inchi 14. Kinachoiondoa ni kuitenganisha skrini na kibodi, na hiyo ndiyo faida kuu ya monita ya mezani: ukingo wake wa juu huweza kuwekwa usawa wa macho au chini kidogo, kwa umbali unaokaribia urefu wa mkono.

Asiye na uwezo wa kununua monita bado ana njia. Aweke kompyuta yake juu ya rundo la vitabu hadi skrini ifikie macho, kisha aunganishe kibodi na kipanya vya nje. Vifaa hivyo viwili ni vya bei ndogo vikilinganishwa na monita, na huokoa shingo kwa kiasi kile kile. Kisichookolewa ni macho, kwa kuwa herufi hubaki ndogo.

Umeme ukikatika

Msomaji wa mjini anaweza kuuliza: monita ina faida gani siku ambayo umeme haupo? Swali hilo lina uzito. Nchi ilipitia mgawo wa umeme mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha Februari 2024. Hata bila mgawo, matengenezo ya njia na mvua za upepo hukata umeme katika mji wowote.

Monita haina betri. Umeme ukikatika, inazimika papo hapo. Lakini kompyuta mpakato iliyounganishwa nayo haizimiki. Picha hurudi kwenye skrini yake na kazi huendelea. Hapa ndipo mpangilio huu unapoizidi kompyuta ya mezani, ambayo bila kifaa cha akiba ya umeme hupoteza kila kisichohifadhiwa.

Kuhusu matumizi, monita ya inchi 24 ya siku hizi hutumia takriban wati 20. Ikiwaka saa nane kwa siku kwa siku 26 za kazi, itatumia zaidi kidogo ya uniti nne kwa mwezi. Hiyo si gharama ya kumzuia mtu kuinunua. Ila kwa anayetegemea umeme wa jua wenye betri ndogo, wati hizo 20 zinaweza kuwa zaidi ya zile zinazotumiwa na kompyuta yenyewe, na kwake skrini kubwa iliyo ndani ya kompyuta ina mantiki zaidi.

Lipo pia suala la radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kila kifaa kilichochomekwa ukutani ni kifaa kilicho hatarini, na monita huongeza plagi moja zaidi. Mvua inapotanda, kuchomoa plagi ni kinga ya uhakika kuliko kuzima swichi.

Mzigo wa njiani

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kompyuta ikiwa dukani ni nyepesi kwa sababu hakuna aliyeibeba bado. Ya inchi 14 huwa na uzito unaokaribia kilo moja na nusu. Ya inchi 15.6 hukaribia kilo mbili; ya inchi 17.3 hufika kilo mbili na nusu au zaidi. Chaja ya kompyuta kubwa nayo mara nyingi ni nzito zaidi.

Kwa mtu anayekwenda kazini kwa miguu, nusu kilo si hoja. Kwa anayepanda bodaboda kila siku akiwa na begi mgongoni, ni hoja. Vile vile, skrini pana hubanwa na kupinda kwa urahisi ndani ya begi lililojaa, na mkoba mkubwa huvuta macho ya wezi kuliko mdogo. Monita hubaki mezani chini ya kufuli.

Hata hivyo, anayefanya kazi kila siku mahali tofauti, bila meza yake, hana pa kuiweka monita hiyo. Huyo akinunua monita atakuwa amenunua pambo la nyumbani. Inchi 15.6, pamoja na safu ya tarakimu ambayo mara nyingi huwa upande wa kulia wa kibodi yake, humfaa zaidi, hasa kama kazi yake ni ya hesabu.

Kabla ya kulipa

Anayechagua monita atazame kwanza matundu ya kuunganishia. Monita nyingi za mitumba zina tundu la VGA, mtindo ulioanza mwaka 1987, ambalo kompyuta nyingi mpya hazina. Zenye HDMI huunganishwa kwa waya mmoja bila tabu. Kutoka HDMI kwenda VGA huhitajika adapta yenye kubadili mawimbi, wala si waya mtupu. Kwa kompyuta zenye tundu la USB-C pekee, ni lazima kuuliza kama tundu hilo hupitisha picha, maana si yote hufanya hivyo.

Monita ya mtumba iwashwe dukani kwa dakika kadhaa, ikionyesha rangi nyeupe tupu na kisha nyeusi tupu, ili madoa na nukta zilizokufa zionekane. Anayenunua ng'ambo ya mpaka, Isebania au mbele zaidi, ahifadhi risiti na akumbuke kwamba dhamana ya duka la upande wa pili humtaka arudi huko huko.

Walimu nao wana lao la kujifunza. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwao baadaye. Kishikwambi kinasomesha na kurekodi, lakini si mbadala wa meza yenye skrini pana kwa anayepanga matokeo ya wanafunzi mia moja.

Kwa asiye na hakika, kipo kipimo kisicho na gharama. Aandike kwa wiki mbili saa anazofanya kazi mezani pake na saa anazofanya kazi kwingine. Ikiwa zaidi ya nusu ni za meza moja yenye umeme, achukue kompyuta ndogo na monita. Ikiwa zaidi ya nusu ni za kwingine, achukue ya inchi 15.6 na kibodi ya nje. Ya inchi 17 imfae yule tu asiyesafiri nayo na asiye na nafasi ya monita, na watu hao ni wachache.

Taifa lenyewe liliwahi kulipia somo hili. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuziingiza hesabu za Hazina katika kompyuta kuleta hasara. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye, lakini funzo lake halijachakaa: mashine iliyonunuliwa kabla ya kazi kupimwa humtumikisha aliyeinunua.