Maduka ya Vyakula katika Mtaa wa Wachina, Toronto

Mtaa wa Wachina wa Toronto, mji mkubwa kuliko yote nchini Kanada, umeenea kandokando ya makutano ya barabara za Spadina na Dundas, na historia ya watu wake imefungamana na reli. Kati ya mwaka 1881 na 1885 Wachina wapatao 15,000 walifanya kazi kwenye reli ya Canadian Pacific katika milima ya magharibi, na reli ilipokwisha serikali ikawageuka: karibu kila Mchina aliyeingia nchini alitozwa kodi ya kichwa, kwanza dola 50, na kufikia mwaka 1903 dola 500, kisha mlango ukafungwa karibu kabisa kuanzia 1923 hadi 1947. Waliokuwa tayari nchini, wakiwa wamezibiwa kazi nyingi, walijishikiza kwenye udobi, mikahawa na maduka.

Msomaji wa Voi atauona mfanano, kwa kuwa mji wake nao ulikua kando ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 kwa mikono ya vibarua wa Kihindi zaidi ya 30,000, ingawa wengi wa Wahindi waliofungua maduka baadaye walikuwa wafanyabiashara walioifuata reli, si vibarua wenyewe. Reli mpya ya mwaka 2017, ijapokuwa ilijengwa na kampuni ya Kichina, haikuacha Voi mtaa wa namna hiyo.

Duka la Spadina huanzia nje, ambako masanduku ya mboga na matunda hupangwa mpaka njia ya wapita miguu ikawa nyembamba, na bei huandikwa kwa herufi kubwa kwa ratili, kipimo kinachokaribia nusu kilo, ijapokuwa kipimo rasmi cha nchi ni kilo. Ndani mna magunia ya mchele, uyoga mkavu, samaki hai ndani ya matangi, na chupa za mchuzi wa samaki, ambao ni majimaji ya chumvi yanayotokana na dagaa waliovundikwa kwa miezi mingi. Harufu yake humshtua mgeni, lakini ladha yake chunguni ni ya upole. Bei haipatanwi.

Kinachostaajabisha zaidi ni vitu ambavyo mtu wa Taita Taveta hahitaji kuelezwa: bamia, mchicha, karela, tui la nazi la kopo kutoka Thailand, hata matembele, maana Wachina nao hula majani ya viazi vitamu. Muhogo upo wa namna mbili, ulioganda ndani ya mfuko, umekwisha kumenywa, na mbichi uliopakwa nta, kwa sababu muhogo uliong'olewa huharibika kwa siku chache na huu umevuka bahari. Pojo, ambazo wengine huziita ndengu, huuzwa kavu, lakini zaidi huuzwa zikiwa machipukizi meupe, marefu kama kidole, yaliyooteshwa gizani kwa siku chache na kuliwa kama mboga baada ya kupitishwa motoni kidogo tu. Ni matumizi ambayo wakulima wa pojo wa Taita Taveta wangeweza kuyajaribu bila gharama.

Unga wa sima ndio unaokosekana mara nyingi. Anayeutaka hana budi kuvuka hadi Kensington Market, soko jirani upande wa magharibi, akaulize unga mweupe wa mahindi katika maduka ya watu wa Karibi.