Mpanda Pikipiki na Uamuzi wa Kubadili Chombo

Tarehe 28 Septemba mwaka 2025, katika uwanja wa Motegi nchini Japani, Marc Marquez wa Hispania alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki katika daraja la juu. Huo ulikuwa ubingwa wake wa saba katika daraja hilo, na wa kwanza tangu mwaka 2019. Katika miaka sita ya kati alivunjika mkono, akapasuliwa mara nne, na akafanya uamuzi mmoja ambao wengi waliuona kuwa ni wa kujishusha. Uamuzi huo wafaa kutazamwa kwa makini, kwani unagusa swali ambalo kila askari aliyekabidhiwa chombo hujiuliza: je, ushindi hutokana na mtu au na chombo chake?

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, katika mbio za pikipiki methali hiyo ina ukweli nusu tu. Pikipiki za daraja la juu hupita mwendo wa kilometa 350 kwa saa, na mara nyingi mshindi humwacha mwenzake kwa chini ya sekunde moja. Kampuni zinazoziunda ni tano tu: Ducati na Aprilia za Italia, KTM ya Austria, na Honda na Yamaha za Japani. Mikataba ya wapanda pikipiki kwa kawaida ni ya miaka miwili. Kwa hiyo anayekosea kuchagua hupoteza miaka miwili ya kazi ambayo yenyewe haidumu, na anayelazimisha chombo kisichomtii huhatarisha maisha yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Mwitaliano Valentino Rossi, kwa sababu mtu huyo mmoja alifanya uamuzi wa namna moja mara mbili, na akapata matokeo mawili yaliyopingana.

Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2003. Rossi alikuwa bingwa wa miaka mitatu mfululizo akiwa na Honda, kampuni iliyokuwa na pikipiki bora kuliko zote. Lakini aliona kwamba sifa ya ushindi ilikuwa ikipewa chombo kuliko mtu. Akahamia Yamaha, ambayo haikuwa imeshinda hata shindano moja mwaka huo, na ambayo mpanda pikipiki wake wa mwisho kutwaa ubingwa wa daraja hilo alikuwa Mmarekani Wayne Rainey mwaka 1992. Wengi walidhani kwamba amejichimbia kaburi. Tarehe 18 Aprili mwaka 2004, mjini Welkom katika Afrika Kusini, Rossi alishinda shindano lake la kwanza na Yamaha, akimtangulia Max Biaggi wa Honda kwa sehemu ya tano tu ya sekunde. Baada ya kupita mstari wa mwisho alisimamisha pikipiki kando ya njia, akaketi chini karibu nayo. Mwaka ulipokwisha alikuwa amepata ushindi wa mashindano tisa na ubingwa.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ushindi huo ulikuwa wa mtu mmoja. Rossi hakuhama peke yake, bali alifuatana na fundi wake mkuu, Jeremy Burgess wa Australia, pamoja na mafundi kadhaa waliokuwa naye Honda. Aidha, wahandisi wa Yamaha wakiongozwa na Masao Furusawa walikuwa tayari kubadili injini na fremu kwa kufuata maelezo ya mpandaji. Mtu, fundi na kiwanda walisema lugha moja.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2011, Rossi alipokwenda Ducati pamoja na Burgess yule yule. Miaka miwili ikapita bila ushindi hata mmoja. Pikipiki hiyo ilikuwa imempa Casey Stoner wa Australia ubingwa mwaka 2007, lakini Rossi hakuweza kuliamini gurudumu lake la mbele katika kona. Fremu ya nyuzi za kaboni ikaachwa, ikaundwa ya alumini, na bado tatizo likabaki. Wakati huo huo Stoner, aliyekuwa ameondoka Ducati kwenda Honda, alitwaa ubingwa wa mwaka 2011. Ujasiri ule ule na fundi yule yule havikutosha mara hii, kwa kuwa chombo hakikubali kurekebishwa kwa wakati.

Kuna pia hatari ya kuondoka mapema. Jorge Lorenzo wa Hispania, bingwa mara tatu na Yamaha, alihamia Ducati mwaka 2017 na akataabika. Tarehe 3 Juni mwaka 2018 akashinda katika uwanja wa Mugello, lakini siku chache baadaye ikatangazwa kwamba anakwenda Honda. Alipokwisha kukizoea chombo, tayari alikuwa anakiacha. Mwaka 2019 akiwa na Honda aliumia uti wa mgongo, hakumaliza hata mara moja miongoni mwa kumi wa kwanza, na mwisho wa mwaka akastaafu.

Marquez alichukua njia nyingine. Baada ya miaka kumi na mmoja na Honda, hakujua tena kama kasoro ilikuwa katika pikipiki au katika mkono wake uliopona kwa shida. Mwishoni mwa mwaka 2023 aliacha kampuni hiyo kabla ya mkataba wake kwisha, na mwaka 2024 akawa na Gresini, timu ndogo iliyotumia Ducati za mwaka uliotangulia. Hapo alitaka jibu kwanza, cheo baadaye. Alishinda mara tatu, akawa wa tatu duniani. Jibu likapatikana: mtu alikuwa bado mzima. Kisha akaingia katika timu kuu ya Ducati.

Askari hachagui kikosi wala silaha yake kama mwanamichezo achaguavyo timu. Hata hivyo, dereva wa gari la doria na mlinzi wa msafara aliye juu ya pikipiki wanategemea jambo lile lile lililomfaa Rossi mjini Welkom: taarifa ya kweli kwa fundi, na fundi anayeisikiliza. Anayeficha kasoro ya chombo ili aonekane hodari, na anayekilaumu chombo kabla ya kujipima, wote wawili huchelewesha matengenezo. Marquez alikubali kushuka ngazi moja ili aujue ukweli huo, na ngazi hiyo ndiyo iliyomrudisha juu.