Mstafeli Hauamshi Jeni ya Kifo

"Daktari, si mmesema kila seli ina jeni ya kujiua? Basi nikinywa majani ya mstafeli yakaiamsha, kuna ubaya gani?" Mwezi huu nimeulizwa hivyo mara nne, na wa mwisho alikuja na chupa mkononi.

Swali limepotea tangu mlangoni. Jeni ya kifo si moja, na katika saratani ya matiti mara nyingi hazijalala: zimefungwa mikono. Ndani ya seli kuna protini zinazosukuma kifo, kama BAX na PUMA, na zinazokizuia, kama BCL-2 na MCL-1. Anayezipa nguvu hizi za kuzuia hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Takriban robo tatu ya uvimbe wa saratani ya matiti una vipokezi vya estrojeni, na homoni hiyo huiamuru jeni ya BCL-2 izalishe zaidi. Kwingine ni HER2, inayopeleka ishara za kuzima protini ziuazo. Kwingine p53, ambayo ndiyo huwasha PUMA seli inapoharibika, imevunjika yenyewe. Katika kundi kali lisilo na vipokezi vya estrojeni, projesteroni wala HER2, huvunjika kwa wagonjwa wapatao 8 kati ya 10.

(Msishangae basi kwamba uvimbe wenye BCL-2 nyingi huwa na matumaini zaidi. Ni dalili kwamba bado unatii homoni, na homoni tunaweza kuizuia.)

Sasa huo mstafeli. Mnaosambaziana kwamba una nguvu "mara 10,000 kuliko dripu za saratani", mmewahi kuuliza namba hiyo ilitoka wapi? Ilitoka maabara ya Marekani, mwaka 1996. Kilichopimwa ni kemikali moja iliyochujwa kwenye mbegu. Mbegu, si majani. Ilimwagiwa seli za saratani ya utumbo mpana. Utumbo, si titi. Tena kwenye sahani, ambamo hata jiki huua saratani, na sijaona anayeichemsha anywe.

Majaribio ya titi nayo mengi hutumia seli ziitwazo MCF-7, uzao wa seli za mtawa mmoja wa Marekani zilizochukuliwa mwaka 1970. Seli hizo zina kasoro: hazina kaspase-3, kimeng'enya kikuu cha kuikatakata seli inapojiua. Ndizo mnazoletewa kama ushahidi kwamba chai ya majani inafufua mfumo wa kifo!

Na sumu ya mstafeli haichagui. Anonasini iliyomo hukaba maitokondria, mitambo ya nishati ya seli, na seli za ubongo zinazo pia. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliwahusisha walaji wa stafeli na wanywaji wa chai yake na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, usioitikia vizuri dawa za kawaida. Tunda moja la msimu halinitishi. Lita moja kila asubuhi kwa miezi sita, huku uvimbe ukikua, inanitisha sana.

Cha kufanya ni hiki. Kinyama kikatwe, kipimwe vipokezi vya estrojeni na projesteroni pamoja na HER2. Bila majibu hayo matatu hakuna anayejua ni nani kaifunga mikono seli yako. Homoni ikiwa ndiyo, kuna tamoksifeni au dawa za kupunguza estrojeni, miaka 5 au zaidi, kila siku bila kuruka. HER2 ikiwa nyingi, trastuzumabu pamoja na dripu. Vyote vitatu vikikosekana, dripu ndiyo nguzo, na uulizie kipimo cha jeni za BRCA, hasa kama mama au dada naye aliugua. Upasuaji uko palepale.

Kama umeshaanza kunywa majani, hakuna atakayekugombeza. Mwambie daktari wako kabla ya dripu inayofuata: unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini.