Stika inasema 304, bei inasema vingine

Anayejenga Dar es Salaam akifika kwenye sinki la jikoni, pesa huwa zimeishia kwenye nondo, bati na vigae. Wenye maduka ya Gerezani wanalijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Anaingia na swali moja, la 80 kwa 50 bei gani, anatajiwa bei tatu za masinki matatu ambayo kwa macho ni pacha, na mara nyingi anaondoka na la bei ya chini. Yote matatu yana stika ya 304, daraja la chuma cha pua linaloaminika.

Stika hiyo ndiyo kidonda cha mfanyabiashara mmoja aliyekubali kuzungumza kwa sharti la kutotajwa jina, na makala haya yangekuwa mafupi kama asingekuwa na hasira. Anasema aliwahi kuagiza 304 halisi. Akalipa tofauti ya bei kiwandani, akalipa ushuru na VAT ya asilimia 18 juu ya thamani hiyo kubwa, kisha akafungua maboksi na kukuta jirani yake, ukuta kwa ukuta, ameweka 201, daraja la bei nafuu zaidi, yenye stika ileile kwa bei ambayo yeye isingemrudishia hata mtaji. Risiti zake zilionyesha alichonunua, na za jirani zilionyesha alichotaka zionyeshe. Kwa maelezo yake, aliyeuziwa sinki la uongo hurudi kulalamika baada ya mwaka, kama bado anakumbuka duka. Aliyeuziwa la kweli harudi kabisa, na duka haliishi kwa wateja wasiorudi. Mzigo ule ulimkalia, akaumaliza kwa hasara.

Kwa kifupi, 304 ina takribani asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Kwenye 201 sehemu kubwa ya nikeli imepunguzwa na nafasi yake kujazwa na manganizi, ambayo ni ya bei nafuu. Si chuma kibaya. Penye maji yasiyo na chumvi, sinki la 201 linaloshindwa kazi mapema litakuwa limetunzwa vibaya. Lakini nyumba nyingi za ukanda wa pwani huchanganya maji ya mamlaka na ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Chumvi hula utando unaolinda chuma, na madoa ya kahawia huanzia kwenye kona za bakuli na kuzunguka tundu la kutolea maji. Hata 304 haisalimiki ikiachiwa maji ya chumvi yatuame. Halafu liko jambo ambalo madukani halisemwi: siku za mwisho za ujenzi fundi vigae husafisha sakafu kwa asidi wakati sinki limeshafungwa, mvuke wake unalishika, na mwenye nyumba anahamia na kukuta kutu. Hapo duka hulaumiwa bure.

Karibu kila muuzaji ana sumaku ya kumtuliza mteja. Ikinasa, sinki linakataliwa. Isiponasa, anaambiwa hiyo ndiyo 304. Kipimo hicho kinamnufaisha muuzaji tu. 201 nayo hainasi, au hunasa kidogo sana, na 304 iliyobanwa kwenye mashine hadi ikawa bakuli inaweza kunasa kidogo kwenye kona. Sumaku itakamata chuma cha daraja la chini zaidi kisicho na nikeli, basi. Kinachotenganisha hizi mbili ni tone la dawa ya kupima manganizi pamoja na betri ndogo ya volti 9: tone likigeuka jekundu, hiyo ni 201. Mfanyabiashara wetu anayo chupa ya dawa hiyo. Ipo chini ya kaunta, wala haiweki juu, kwa kuwa siku hizi naye anauza 201.

Ofisa mmoja wa serikali anayefuatilia ubora wa bidhaa, ambaye pia hakutaka jina lake litajwe, anaona malalamiko yamekuzwa. Mzigo hukaguliwa unakotoka, anasema, unakuja na cheti, na soko linamtosha kila mtu. Ushahidi wake ni takwimu moja aliyoirudia kila mazungumzo yalipokwama: sensa ya 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini. Hesabu ni ya kweli, ila jengo si jiko, na jiko si lazima liwe na sinki. Mengi ya majengo hayo hayana maji ya bomba ndani, na anayeoshea vyombo kwenye beseni uani bado si mteja wa mtu yeyote Gerezani. Kuhusu cheti, hicho husafiri na shehena, ilhali mteja anakutana na stika. Alipoulizwa ni mara ngapi sinki limepimwa likiwa rafuni, jibu lake lilikuwa refu na halikuwa na namba.

Bei ya nikeli ina nguvu kuliko cheti. Machi 2022 iliruka kwenye soko la London hadi kupita dola 100,000 kwa tani kwa muda mfupi, na biashara ikasimamishwa. Tangu hapo imeshuka sana, hasa kwa sababu ya wingi wa nikeli ya Indonesia. (Ile ya Kabanga, Ngara, bado haijafika kwenye sinki la mtu.) Mtu angetarajia 304 irudi madukani. Mfanyabiashara wetu haoni dalili hiyo. Anasema wateja wameshaizoea bei ya 201, na bei iliyozoeleka ni ngumu kuipandisha.

Usafiri nao unachagua sinki kabla ya mteja. Masinki ya kubanwa kwa mashine huingiana kama vikombe, kwa hiyo mita moja ya ujazo hubeba mengi. Yale ya kisasa ya kukunjwa, yenye pembe kali na kina cha sentimita 20 au zaidi, kila moja lina boksi lake, na anayeleta mzigo wa kuchangia kontena kutoka Guangzhou hulipa kwa ujazo. Na ile "milimita 3" inayotangazwa kwenye masinki hayo mara nyingi ni ya ukingo. Bakuli lenyewe huwa karibu na milimita 1.

Ukubwa ndipo wanunuzi wanapojipoteza wenyewe. La 120 kwa 50 lenye mabakuli mawili na sehemu ya kukaushia vyombo linapendeza, lakini kila bakuli hubaki na upana wa sentimita 35 hivi, na sufuria la pilau la sikukuu haliingii. Linaishia kuoshewa nje. Familia inayopika vyombo vikubwa ingefaidika zaidi na bakuli moja pana, hata kama sinki ni la 80. Na fundi asimwage zege la kaunta kabla sinki halijanunuliwa: 80 ya dukani si lazima iwe 80 ya futi kamba.

Kwenye koki, shida ni presha. Maji yanahitaji kimo cha mita 10 kutoa baa moja. Tangi lililo kwenye mnara wa mita 3 au 4 linatoa kama theluthi ya hiyo, wakati miksa nyingi zinazoingia zimetengenezwa kwa presha ya kuanzia baa moja. Ndiyo maana koki ndefu ya shingo ya bata, iliyomwaga vizuri dukani penye pampu, nyumbani inachuruzika. Masinki ya vitufe na maporomoko ya maji yanayotamba mitandaoni yanateseka zaidi. Anayeyauza humwuzia mteja pampu wiki inayofuata. Nyumba isiyo na maji ya moto haina haja ya miksa kabisa. Koki ya njia moja, yenye kichujio cha mdomoni kinachofunguka kwa mkono ili chumvi na mchanga vitolewe, itafanya kazi ileile kwa bei ndogo.

Na ing'ae vipi, koki ipimwe kwa uzito. Za aloi ya zinki ni nyepesi kuliko za brasi, na zikishaliwa ndani hukatikia shingoni wakati fundi anazifungua. Mnunuzi wa vyuma chakavu hahitaji stika: ya brasi anaiweka kwenye mizani, ya zinki anaitupa pembeni au anailipia kiduchu.

Kama hali itabadilika ni vigumu kusema. Wajenzi wa nyumba za kupangisha wanataka bei ya chini, na ndio wanunuzi wa jumla. Wenye nyumba zao wameanza kuuliza maswali, ila ni wachache na hununua moja moja. Ofisa anaahidi ukaguzi zaidi sokoni bila kutaja lini. Mfanyabiashara wetu ameagiza tena, sehemu kubwa 201 na 304 kidogo kwa wateja anaowafahamu, na safari hii amemwomba mwenye kiwanda amletee masinki ya 201 bila stika. Jibu alilopewa ni kwamba stika haziongezi bei.